Melania Aliyesimamisha Mashine

Asubuhi ya mwisho Melania, mke wangu, alinigombeza kwa sababu ya mbuzi.

Mbuzi alikuwa amepanda juu ya jiwe ambapo Melania alianika makopa ya muhogo. Mimi nimekaa hapohapo, nakunywa uji, sikumwona. Melania akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Masalu, kati yako na huyo mbuzi, mlinzi ni nani?"

"Nilikuwa nakunywa uji."

"Na yeye anakula makopa. Mmegawana vizuri."

Nikamfukuza mbuzi. Melania akaokota yaliyoanguka, akayapuliza vumbi, moja akalivunja kuangalia kama limekauka. Akasema bado. Mvua ilikuwa imekatika, akasema afadhali, jua lifanye kazi. Akajifunga khanga ya pili kiunoni, akachukua jembe, akaenda kupalilia karanga. Hakuaga. Mtu anayekwenda kupalilia haagi.

Jua halijapanda sana wakaja kuniita. Alikuwa ameanguka kwenye tuta. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, mpaka zahanati. Muuguzi akasema ni presha. Akasema tumechelewa kumleta. Mimi sikuchelewa. Nilikwenda mara nilipoitwa.

Hayo ya kufa namwachia Mungu. Ninayo ya kusema kuhusu watu.

Kaburini ulisomwa wasifu wa marehemu. Aliyeusoma ni Magesa, mwenyekiti wa kitongoji chetu, huku upande wa Segese. Alisoma kwamba Melania alizaliwa Didia, alikuwa mama mwema, mtu wa sala, mwenye upendo kwa wote. Akasoma kwamba aliwahi kuajiriwa katika mradi wa kupima mwamba, "akaacha kazi kwa hiari yake kutokana na umri."

Uongo. Hakuacha. Alifukuzwa. Na aliyefanya afukuzwe ndiye huyo aliyeshika karatasi.

Basi wasifu wake ni huu.

Alizaliwa Didia, hilo ni kweli. Nilimwoa kwa ng'ombe wa baba yangu, na baba alilalamika mpaka anaingia kaburini kwamba ng'ombe walikuwa wengi. Hawakuwa wengi.

Ulipokuja ukame ng'ombe wakaisha. Mimi nikakaa nikitazama zizi. Melania akaenda kupasua mawe. Nyuma ya kitongoji kuna mwamba mpana, uko wazi kama uwanja. Unapanga juu yake kuni na matairi mabovu, unawasha moto, unakaa mbali. Jiwe likishika moto linalia. Kisha linapasuka, linatoka magamba mapana. Hayo magamba unayagonga kwa nyundo mpaka yawe kokoto, unapima kwa debe, lori linakuja kuchukua. Kahama kuna nyumba nyingi ambazo chini ya sakafu kuna mawe ya mke wangu. Mwanetu Masalu na mdogo wake Eunice walisoma kwa mawe hayo.

Moshi wa matairi ulimharibu macho. Yakawa mekundu, hayakurudi tena. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu, mnajua huku kwetu anasemwaje. Aliitwa mchawi. Akaendelea kugonga.

Ndipo wakaja watu wa vipimo. Walisimamisha mashine ya kuchoronga mwishoni mwa malisho. Magesa akaitisha mkutano, akasema mradi umekuja, kazi zimekuja, tuwapokee wageni vizuri. Walitaka mtu wa kuosha mawe. Wanawake wengine walikataa, mawe yanachubua mikono. Melania akainua mikono yake, wakaiona, wakamchukua.

Mashine ilitoboa kwenda chini, ikawa inatoa jiwe refu la mviringo, kama muhogo uliomenywa. Kazi yake ilikuwa kuliosha kwa brashi na kulipanga kwenye sanduku, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikae kilivyokaa chini. Alilipenda. Alikuwa anarudi jioni ananiambia leo limetoka la kijani, leo limetoka lenye mistari myeupe. Mimi nasema jiwe ni jiwe. Ananiambia, "Ndiyo maana wewe hawakukuajiri."

Injinia wao alikuwa kijana wa Bukoba, Donatus. Kijana mwenye adabu. Kila asubuhi shikamoo kwanza, halafu kazi. Nilikuwa nampeleka Melania kwa baiskeli, nakaa kidogo kivulini kabla ya kurudi, basi nilisikia mengi.

Siku moja Melania alimuuliza, "Mwanangu, haya mawe mnayatafutia dhahabu?"

"Hapana, Mama Masalu. Dhahabu wanatafuta wengine. Sisi tunapima mwamba umebanwa kiasi gani. Huko chini juu yake kuna mzigo wa mlima mzima, na pembeni unasukumwa. Tunataka kujua unasukumwa kutoka upande upi na kwa nguvu gani."

"Mkijua?"

"Mgodi ukitaka kushuka chini zaidi, bila kujua hilo mwamba unaweza kufyatuka ukaua watu. Na kuna nchi wanapima hivihivi wakitafuta joto la ardhini la kufulia umeme. Wengine wanataka kuuzika moshi wa viwanda huko chini. Lazima wajue kwanza kama mwamba utaushika au utapasuka."

Melania akaweka brashi chini. "Moshi unazikwa?"

"Unazikwa, Mama."

"Na matanga wanakaa?"

"Hawakai."

"Maskini moshi."

Walicheka wote, na wachorongaji wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Sabiti.

Sabiti alikuwa muuza kahawa. Mtu wa pwani, wa Pangani. Alikuja Bugarama ujanani kufuata dhahabu, dhahabu haikumfuata yeye. Akabaki. Akawa anazunguka na birika na kashata, na mashine ilipokuja akahamia pale. Alikuwa Mwislamu, sisi Wakatoliki. Hakuwa na mke wala mtoto, ila dada mmoja, Zuhra, anakaa Kahama. Alimwita mke wangu Mama Kokoto. Mke wangu alimwita Mzee Majivuno kwa sababu alivaa kofia iliyonyooshwa pasi hata akiwa na viatu vimetoboka.

Sabiti alikufa kwa homa, alasiri, kwenye chumba alichopanga. Zuhra akapigiwa simu. Akasema yuko njiani, ndugu yake azikwe kesho baada ya sala ya adhuhuri.

Kwetu mtu akifa, ardhi haiguswi mpaka azikwe. Jembe linakaa ndani. Hata mvua iwe imenyesha namna gani, hakuna anayelima. Ardhi inayofunguliwa kwanza ni ya kaburi. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyetuambia tuache.

Sasa alasiri hiyohiyo watu wa vipimo walikuwa wamefika pale walipokuwa wanapatafuta. Donatus alikwisha kutueleza jinsi inavyofanyika. Wanatoboa tundu dogo ndani ya mwamba, wanagandisha kipimo humo kwa gundi, wanaiacha ikauke usiku kucha. Asubuhi wanakuja na bomba pana, wanachonga kukizunguka kile kipimo. Kile kipande cha mwamba kikiachiwa pande zote, kinatanuka. Kidogo sana, jicho halioni, ila kipimo kinaona. Kwa kutanuka huko wanajua kilikuwa kimebanwa vipi. Lakini gundi ikishakauka lazima wachonge mapema. Wakikawia, maji ya chini yanaingia kwenye nyaya na kipimo kinakufa.

Lazima niseme hili: Donatus aliuliza. Alimwendea Magesa jioni ile, akamwambia, "Mwenyekiti, nasikia kuna msiba. Tusimame?" Magesa akamjibu waendelee. Akasema huo ni msiba wa mpita njia tu, na mila inakataza jembe, haikutaja mashine.

Asubuhi tulifika, mashine inaunguruma, inapashwa moto. Melania hakushika brashi.

"Kuna msiba," akasema.

Mwigulu, kijana wetu wa hapahapa, ndiye alikuwa kwenye mitambo. Akapaza sauti, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mwenyekiti katuruhusu, mayu."

"Yeye ndiye kafa?"

Mwigulu akatazama pembeni. Donatus akapiga simu, Magesa akafika na pikipiki, hata kofia ngumu hajavua.

"Mama Masalu, nini tena?"

"Sabiti hajazikwa."

"Mashine si jembe."

"Kweli, jembe halina meno mengi hivyo."

Vijana wakacheka. Magesa hakucheka. "Mama, Sabiti si mtu wa hapa. Si Msukuma. Hata kanisani hajaingia."

"Na kahawa yake uliyokuwa unakunywa kila siku, ulikuwa unainywea wapi? Kanisani?"

Wakacheka zaidi. Hapo Magesa alikasirika. Ukiwachekesha watu juu ya mtu kama yeye, na wewe ni mwanamke wa kuosha mawe, hasahau.

"Unataka kutupotezea mradi kwa ajili ya muuza kahawa?"

Bomba pana lilikuwa limelazwa chini, tayari kuinuliwa. Melania akalifuata. Akavua ndala, akaziweka pembeni zikiwa sawasawa, kama anaingia nyumbani kwa mtu. Akakaa juu ya bomba.

Donatus akachuchumaa mbele yake. Uso ulikuwa umemwiva. "Mama, gundi imekauka. Tukingoja mchana kipimo kitakufa. Kushuka mpaka pale kumetuchukua wiki ngapi? Wewe mwenyewe umeona."

"Nimeona, mwanangu. Nimeosha mawe yake yote."

"Sasa?"

"Sasa kitakufa. Wewe utatoboa kwingine. Sabiti hana kifo kingine."

Magesa akawageukia vijana. "Mtoeni."

Hakuna aliyesogea. Akasema tena, "Mnamwogopa? Au kwa sababu ya hayo macho? Si mnayaona hayo macho?"

Alisema hivyo mbele yangu. Nikaacha baiskeli ikaanguka. Nilikuwa nakwenda kumpiga, na ningempiga. Melania akaniambia, "Baba Masalu, njoo ukae." Akapapasa bomba kando yake, kama anaponikaribisha mkekani. Nikaenda nikakaa. Chuma kilikuwa baridi.

Tulikaa hivyo, Magesa akiongea na simu, sisi tumekaa. Kisha Mwigulu akainuka akazima mashine. Kukawa kimya mpaka nikasikia ng'ombe wa mbali. Mwigulu akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Mimi naenda kuchimba kaburi." Wenzake wakamfuata.

Sabiti akazikwa adhuhuri na Waislamu wenzake waliotoka Kahama, na sisi tukiwa nyuma. Zuhra aliambiwa yaliyotokea. Alimshika Melania mikono yote miwili.

Kipimo kilikufa, kama Donatus alivyosema. Wakubwa wake wakataka kujua ni kijiji kilichowazuia au ni nani. Magesa akawaambia kijiji hakikuzuia kitu. Ni mwanamke mmoja, mkorofi, ana matatizo yake ya siku nyingi, anajulikana. Alisema hayo pale kwenye mashine, tumesimama. Wakamuuliza Donatus. Donatus alikuwa anajua aliuliza nini na alijibiwa nini. Akatazama viatu vyake. Melania akaambiwa asirudi. Wiki iliyofuata aliyekuwa anaosha mawe ni binti wa kaka yake Magesa.

Hiyo ndiyo hiari yake. Huo ndio umri wake.

Akarudi kwenye mwamba kugonga kokoto. Mikono imezeeka, moshi uleule. Watu walimcheka, wale waliosimama kaburini kwa Sabiti wakacheka pia. "Mama Kokoto karudi. Kaacha mshahara kwa ajili ya kashata." Hakugombana na yeyote. Mimi niligombana nao wote.

Sasa amekufa yeye.

Usiku ule amelala ndani, mvua iliyokatika ikarudi. Ilinyesha vizuri. Asubuhi niko kitandani kwake, namtazama, nikasikia mjeledi. Nikasikia mtu anawaita ng'ombe kwa majina. Nikatoka mlangoni. Ng'ombe wa Magesa walikuwa kwenye majaruba yake ya mpunga, wanalima.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye moto wa msiba. Wote waliona. Wote wakatazama moto.

Nikauliza, "Nani analima?"

Mzee mmoja akasema, "Mvua haingoji, ndugu yangu."

Gundi haikungoja. Mvua haingoji. Mwenye kungoja ni maiti tu.

Eunice akanishika mkono. "Baba, ingia ndani." Nikaingia. Nilikaa namsikiliza Magesa akilima mpaka karibu na saa ya mazishi. Zuhra alikuja na basi kutoka Kahama, akapita kando ya majaruba hayo. Alipoingia kunipa mkono aliniuliza polepole, "Baba, wanalima?" Nilimsogezea mkeka akae.

Magesa alikuja kaburini na buti za mpira. Tope lilikuwa halijakauka. Alisimama nalo juu ya udongo wa mke wangu, akakunjua karatasi, akasoma. Alisoma vizuri, ana sauti. "Mwenye upendo kwa wote." "Kwa hiari yake." Wanawake wakaanza kulia.

Nikainuka. Kwetu mfiwa hasemi kaburini, anasemewa. Katekista akaniashiria nikae. Sikukaa.

"Hakuacha kazi," nikasema. "Ulimfukuzisha wewe."

Magesa akakunja karatasi taratibu. "Baba Masalu, tunaelewa uchungu wako."

"Huuelewi. Ulikuwa unalima."

Watu wakakohoa. Masalu, mwanangu, akaja akasimama nyuma yangu, nadhani alitaka kunishika, lakini hakunishika.

"Mzee," Magesa akasema, "hapa si mahali pake."

"Ni mahali pake hasa. Wasifu umeusomea hapa. Waambie alikalia bomba. Waambie ulimwita nini. Waambie binti wa kaka yako anaosha mawe ya nani."

Alikuwa amechukia, nikaona. Lakini Magesa ni mtu wa mikutano, hakosi neno. Akatabasamu mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kunihurumia, "Basi na wewe tuambie, mzee. Sabiti alikuwa nani kwake? Maana hilo mpaka leo hatujalielewa. Mke wa mtu kuacha riziki yake kwa ajili ya mwanamume wa pwani."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Kaburi liko wazi na mtu anacheka. Zuhra alikuwa amesimama na wanawake, nikamwona anavuta mtandio usoni.

Mimi si msemaji. Kama ningetumia maneno yangu ningetukana, na ningetukana vibaya, mbele ya mwili wake. Kwa hiyo nikatumia yake. Swali hilohilo nilimuuliza mimi mwenyewe jioni ile alipofukuzwa, tumekaa uani, anasugua miguu kwa jiwe. Nilimuuliza Sabiti ni nani kwake. Hakuacha hata kusugua mguu. Nikamwambia Magesa anyamaze asikie, nikawaambia wote, na nikamgeukia Zuhra ili na yeye asikie, maneno ya Melania kama alivyoyasema:

"Si mtu wangu. Ni mtu, na alikuwa hajazikwa."